Gamba Lisilo na Mistari

Kansanga, Kampala
2 Machi 1976

Kwa Shangazi Habibah,

Salaam aleikum. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba goti la kushoto limepunguza maumivu. Mimi ni mzima wa mwili. Msalimie dada yangu Maimunah na wanawe wote, kila mmoja kwa jina lake.

Uliniambia siku ya Idd nisikanyage tena mlango wako, kwa hiyo sikanyagi. Dawudi wa teksi atakuletea barua hii mpaka kwenye kibanda chako cha dawa. Yale niliyosema mbele ya wageni niliyasema vibaya, lakini sikusema uongo. Chini ya kitanda nilicholalia utotoni niliona kikapu kimejaa magamba ya kakakuona. Nikauliza ni wanyama wangapi hao, ukanitupia kiatu. Bado nauliza.

Kazi yangu hapa ofisini, kama unavyojua, ni kupiga chapa ripoti za askari wanaolinda wanyama wa pori. Mmoja wao, Otema, yuko kaskazini na huandika kwa penseli. Mwezi uliopita alihesabu mashimo thelathini na moja yaliyochimbwa na kutiwa moshi. Katika shimo moja alimkuta kakakuona jike amejikunja kumzunguka mtoto wake, wote wawili wamekufa. Mnyama huyo akiogopa hujikunja, na simba humgeuzageuza asijue aanzie wapi kuuma. Lakini mtu humwokota tu kama kabichi. Nilikosea kupiga chapa sentensi hiyo mara tatu.

Wawindaji hawachimbi kwa kupenda. Wanachimba kwa sababu huko kwenu Nateete kuna mnunuzi. Kwa hiyo nilimwomba mkuu wangu, Bwana Odur, tuandike tangazo kwa raia, naye akakubali. Nimeliandika mwenyewe. Juu kuna nembo ya serikali. Halafu kuna orodha yenye namba: kushoto jina la kitu, kulia ugonjwa ambao watu wanaamini kinatibu. Chini yake nimeeleza kwamba yote hayo si kweli, na kwamba gamba ni kitu kilekile cha ukucha wa mtu. Nimeongeza kwamba magamba mengi sokoni ni kwato za ng'ombe, ili mnunuzi ajue anaibiwa mara mbili. Nimeweka hata njia ya kuyatambua: gamba la kweli lina mistari myembamba kama ya ncha ya kidole, kwato ni laini, haina kitu.

Zimechapwa nakala mia nane Wandegeya. Zitabandikwa masokoni wiki hii, na Nateete imo. Nakuomba uache kabla hazijafika. Uza majani, uza ubani. Usiuze magamba.

Mwana wa kaka yako,
Asuman


Nateete
14 Machi 1976

Asuman,

Aleikum salaam. Goti halijambo, Maimunah hajambo, watoto hawajambo. Mimi ndiye mgonjwa, na ugonjwa wangu una nembo ya serikali.

Limebandikwa. Ukuta wa bucha, nguzo ya stendi ya teksi, mpaka mlango wa choo cha soko. Unajua watu wanasoma nini? Wanasoma juu. Wasiojua kusoma wanasomewa na Akwero wa kibanda cha jirani, na Akwero akifika mwisho wa orodha anavua miwani, anasema, "Basi, imekwisha." Jana amekuja mwanamke na watoto wawili, ananinyooshea kidole kama niko gengeni: "Nipe namba nne." Namba nne! Mafuta ya chatu! Namuuliza ya nini, anasema ya mgongo. Nani amekuambia? "Serikali." Mwanamke huyo hajawahi kusikia tangu azaliwe kwamba chatu ana mafuta. Wewe ndiye uliyemfundisha. Watu waliokuwa wakimeza panadol zao kwa amani sasa wanataka namba tano.

Hilo ningekusamehe. Lakini mistari, Asuman! Nani alikutuma uandike mistari?

Sasa sikiliza kile ambacho siku ya Idd sikuweza kusema, kwa sababu nusu ya wageni wale ni wateja wangu. Kikapu ulichoona hakikuwa na gamba hata moja. Zilikuwa kwato. Mzee Ogwal, muuza supu ya molokoni, akichemsha miguu ya ng'ombe, ganda la kwato linatoka lenyewe. Yeye anatupa, mimi naokota. Nakata kwa kisu cha fundi viatu, nasugua kwa mchanga, natia moshi siku mbili. Miaka kumi na tisa! Hakuna kakakuona aliyekufa kwa ajili ya Habibah. Wawindaji walikuwa wakija na ya kweli, wakikuta soko limejaa yangu, wanarudi nayo. Ada yako ya shule ilitoka kwenye sufuria ya Ogwal. Hicho Kiingereza chako ni kwato!

Na sasa kila mteja ananyanyua gamba juani, anatafuta mistari.

Jana hiyohiyo alikuja Kapteni. Humjui, mshukuru Mungu. Mwaka jana alinunua kwangu mkanda wa magamba saba, wa kuzuia risasi. Ameuweka mezani, na tangazo lako pembeni. "Mama," akasema, polepole kabisa, "hii yako haina mistari. Karatasi ya serikali nasema ya kweli iko na mistari. Mimi nalala na kwato kiunoni mwaka mzima? Mimi ni ng'ombe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Amenipa mpaka Ijumaa nimletee saba za kweli. Askari wake alimtazama Maimunah, kisha akaniuliza nyumba yangu ni ipi.

Nijibu. Usikae wiki mbili unapanga maneno.

Shangazi yako aliyekulea,
Habibah


Kansanga
15 Machi 1976

Shangazi,

Salaam. Ukimaliza kusoma, choma barua hii, na usimtaje tena mtu yule kwa cheo chake. Andika "mteja".

Naandika mbiombio, nisamehe mwandiko. Nimefanya kosa na nalijua, huna haja ya kunionyesha. Lakini mimi pia nina hasira, na nitaisema. Kwa nini hukuniambia? Uliniacha niondoke siku ya Idd nikiamini kwamba nililelewa na mtu anayelipa wauaji. Na hao walionunua kwako miaka kumi na tisa? Mama mwenye mtoto wa degedege, ukampa kwato? Kama uongo wako ulikuwa unalinda wanyama, watu nani aliwalinda?

Ondokeni leo. Nendeni kwa ndugu zetu Bombo, wewe na Maimunah na watoto, mpaka haya yapite.

Asuman


Nateete
16 Machi 1976

Bwana Karani,

Salaam zako nimezipokea, fupi kama mshahara.

Unanipeleka Bombo? Huko kila nyumba ya pili ina mwanajeshi. Nitajificha wapi, chini ya mkeka? Na nikifunga kibanda leo, si nimekiri?

Mwenye mtoto wa homa mimi nampeleka zahanati kwanza, kamuulize Maimunah amebeba wangapi. Gamba nampa mama yake alishike kwenye foleni, maana foleni ni ndefu na dawa inaweza kuwa imekwisha. Hawa watu wakija kwangu hawanunui dawa. Wananunua kutoogopa, siku moja mbili. Kampala hii ni nani asiyehitaji hiyo? Wewe huhitaji?

Sasa maneno machache. Uliwahi kujisifu kwamba ufunguo wa stoo ya vitu vilivyokamatwa uko kwako. Magunia matatu ya magamba ya kweli, ulisema. Nataka saba. Hao wamekwisha kufa, huui mtu. Sijawahi kukuomba kitu tangu siku ulipoacha kunyonya vidole. Leo naomba. Na nakasirika kwamba naomba.

Habibah


Kansanga
17 Machi 1976

Shangazi,

Salaam aleikum. Nakuandikia saa ya chakula cha mchana, wenzangu wametoka.

Asubuhi nimefungua stoo. Kwanza nilisimama nje na ufunguo mkononi, kwa sababu kila gunia limeandikwa na jina langu liko kwenye daftari kama mtunzaji. Nikikamatwa na saba mfukoni, hakuna atakayeuliza ni za nani. Mwishowe nikaingia. Muhuri wa madini ya risasi ulikuwa bado shingoni mwa kila gunia, lakini chini mshono ulikuwa mpya. Nikafumua.

Ni kwato, Shangazi. Magunia yote matatu. Tena ni zako. Naujua mkato wako, ukingo wa juu mviringo kama unavyokata foronya. Mkubwa fulani amechukua ya kweli, akatuma mtu Nateete kununua yako ili gunia lisipungue uzito. Nikakaa juu ya gunia nikacheka mpaka nikaogopa nitasikika, halafu nikataka kuvunja kitu. Mwaka mzima nimelinda taka za Mzee Ogwal kwa kufuli mbili!

Kwa hiyo sina gamba la kukupa. Na hata lingekuwepo, sijui kama ningelileta. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaza mlangoni. Nitupie kiatu kingine.

Lakini mashine ya chapa ninayo. Nimeandika tangazo jipya, fupi, halina orodha. Linasema:

SAHIHISHO. Katika tangazo la awali maelezo yaligeuzwa kwa makosa. Gamba halisi la kakakuona ni LAINI, halina mistari. Lenye mistari ni kwato ya ng'ombe iliyochongwa ili kudanganya raia. Kosa hilo ni la karani Asuman wa ofisi hii, naye ameonywa.

Bwana Odur amelisaini pamoja na faili za asubuhi. Hasomi tena anachosaini tangu mkuu wa kabla yake alipochukuliwa kwa kuuliza swali. Nakala mia mbili zitakuwa tayari Wandegeya leo jioni. Kesho zitabandikwa Nateete juu ya zile za kwanza.

Ijumaa mpeleke mteja ukutani kabla hajafungua mdomo.

Asuman


Nateete
20 Machi 1976

Asuman mwanangu,

Aleikum salaam warahmatullah. Goti limepona lenyewe, naona lilikuwa linaogopa tu.

Amekuja jana baada ya swala. Askari wawili, gari halikuzimwa. Nikamwambia, "Afande, kabla ya yote twende bucha, serikali imekuandikia." Akasoma. Akasoma tena na kidole. Akachomoa mkanda, akapitisha ukucha juu ya kwato ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Laini. Halafu, naapa, akavua kofia. "Mama, samahani. Mimi nilikutukana bure." Kapteni! Mbele ya Akwero! Askari wake wakanisaidia kufunga kibanda.

Leo mchana ameingia mwindaji na mfuko wa magamba ya kweli, mistari yake imejaa. Watu wakamzomea: "Kwato! Kwato!" Akwero ndiye aliyemrushia nyanya. Amekimbia na mfuko wake.

Ningefurahi, lakini nimekasirika upya. Kwa nini umetia jina lako? Ungeandika karani fulani. Ungemwandika Bwana Odur. Mjinga wewe, umejibandika mwenyewe kwenye choo cha soko! Usiniambie ni ukweli, maana tangazo lote ni uongo.

Nijibu upesi.

Shangazi yako,
Habibah


Nateete
11 Aprili 1976

Asuman,

Wiki tatu. Dawudi anasema chumba chako Kansanga kimefungwa. Nimetuma mtu ofisini, wamemwambia hawakujui. Ofisi uliyofanya kazi miaka miwili haikujui!

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Sijui kukasirikiwa na kimya. Nijibu. Hata neno moja. Hata tusi.

Habibah


9 Mei 1976

Kwa Shangazi mpendwa,

Salaam aleikum, na pole kwa kimya. Hakikuwa cha kiburi. Natumaini wewe na Maimunah na watoto mna afya. Mimi nakula vizuri kuliko zamani.

Uliuliza kwa nini niliandika jina langu. Siku hizi hakuna anayeamini sahihisho lisilo na mtu wa kulaumiwa. Nilitaka liaminiwe.

Liliaminiwa kupita kiasi. Jumatatu ile mteja wako aliingia ofisini na karatasi mkononi. "Nani Asuman?" Bwana Odur alinionyesha kwa kidevu. Simlaumu, mkono usingeweza. Niliacha saa yangu kwenye droo ili siku moja ikufikie.

"Wewe ndiyo nakubali kosa yako kwenye ukuta?" akaniuliza. "Mimi katika serikali hii sijaona mtu nakubali kosa. Twende."

Nilidhani najua tunakwenda wapi, kule watu wasikorudi; sivyo. Tulikwenda kwenye nyumba yenye bustani. Nimepewa meza, kitambaa cha meza na kioo cha kukuzia. Maafisa wote wanataka mikanda sasa, na mimi ndiye mkaguzi wa magamba. Siruhusiwi kutoka. Wanaletwa wauzaji na magunia kutoka kila upande. Lenye mistari nalitupa: kwato. Lisilo na mistari nalipiga muhuri. Ukiletewa maombi mengi ya mzigo, ni mimi niliyewaelekeza maafisa kwako.

Kuna jambo sitaki kukuandikia, lakini nitaandika. Juzi mwindaji mmoja alichapwa viboko ishirini mbele yangu kwa kuleta ya kweli. Alilia akiapa kwamba alimchimba mnyama mwenyewe, kwa mikono yake, na kovu la jembe akatuonyesha. Nilijua anasema kweli. Nilimchukia kwa sababu ya jike wa Otema, na nikajichukia, na nikasema, "Kwato."

Bwana Odur amenipenyezea habari kwamba ripoti ya Aprili ya Otema haina shimo hata moja jipya. Hata moja! Wawindaji wanaogopa kuuza. Nakala mia nane nilizoandika kwa uangalifu, kila neno kweli, zilipeleka watu wakanunue. Karatasi moja ya uongo na viboko vimewazuia. Nilikwenda shule miaka kumi na miwili, Shangazi. Nikilifikiria hilo nataka kupindua meza na kitambaa chake. Halafu mlango unafunguliwa, nami nasimama na kusema, "Ndiyo, afande."

Ninachoogopa ni siku ambayo mmoja wao atataka kuujaribu mkanda.

Usinicheke: nina kipande cha kwato yako mfukoni. Najua kilitoka kwenye molokoni. Nakishika mlango unapofunguliwa.

Dobi wa hapa, Komakech, anaaminika. Anamfahamu Dawudi. Barua zipitie kwake. Choma hii.

Mwanao,
Asuman


Nateete
26 Juni 1976

Mwanangu Asuman,

Salaam utazipata siku nyingine. Soma upesi.

Wamejaribu. Jana, kwenye karamu, Kapteni wako alitaka kuwaonyesha wageni. Akafungua shati, akaushika mkanda, akamwamuru koplo wake apige. Koplo alikataa mara mbili. Mara ya tatu akapiga, akalenga chini kwa huruma. Risasi imeingia pajani, imetokea upande wa pili.

Hajafa. Angekufa tungekuwa na nafasi. Yuko hospitali, na mtoto wa Akwero anayefagia wodi anasema daktari amemchoma sindano ya usingizi mpaka kesho asubuhi. Akifungua macho atauliza nani aliuza na nani alipiga muhuri. Ni sisi wawili.

Koplo ametoroka na gari. Walinzi wa nyumba yako wametawanyika wakimtafuta; Komakech anasema lango la nyuma, la dobi, halina mtu. Ingia kwenye gari lake chini ya mashuka. Dawudi anakusubiri pale Komakech anapojua, injini inawaka. Amebeba kanzu ya marehemu baba yako na mkate. Usirudi Kansanga kuchukua kitu. Usipitie ofisini kuchukua ile saa. Nakujua.

Kipande kile cha mfukoni kitupe kwanza. Wasikukute nacho. Ukitaka kitu cha kushika, shika mkono wa Dawudi.

Mimi na Maimunah na watoto tunaondoka sasa hivi. Nimempa Mzee Ogwal kisu cha viatu na kikapu, azike. Bado nimekukasirikia, kwa lile tangazo na kwa jina lako ukutani, na kwa kuwaza mlangoni pa stoo kwamba pengine usingeniletea. Nimelifikiria hilo miezi mitatu. Pengine ungekuwa sahihi, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi.

Siandiki ninakokwenda. Wewe usiandike unakokwenda. Usimpe mtu karatasi, usitume salaam, usiulize goti langu. Tangu Machi nimekugombeza kila barua, nijibu, nijibu. Hii usiijibu. Ikija barua yako nitajua umekaa mahali wanapoweza kukufikia, na nitakuja mwenyewe kukupiga. Isipokuja mwaka huu, isipokuja mwakani, kila siku itakayopita nikiwa mikono mitupu mimi nitasema alhamdulillahi, mtoto wangu hatimaye amenisikiliza.

Mama yako,
Habibah